KUWAZUILIA WATU RIZIKI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, mwenye kumruzuku ndege angani na mdudu chini ya jiwe, naye haruzukiwi na yeyote. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, na tunamwomba msamaha kwa yale tuliyoyatenda kwa mikono yetu na yale tuliyoyanyamazia. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlio mbele yetu msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa redio, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Ijumaa hii tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo twalisikia mara kwa mara katika taarifa ya habari, likapita sikioni kama ipitavyo habari ya mvua ya nchi za mbali: nchi fulani imewekewa vikwazo vya uchumi. Maneno yenyewe ni machache. Hayasemi aliyewekewa ni nani, wala usiku ule atakula nini.

Na jambo hili sisi Waislamu hatukulijua kwa redio. Limo katika Sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Ilikuwa kiasi cha mwaka wa 7 tangu kupewa Utume. Makureshi walikwisha jaribu matusi, wakajaribu mateso, wakajaribu kumpa mali na ufalme, na yote hayakufaa. Basi walikutana wakaandika waraka: wasiwaoze Bani Hashim na Bani Muttalib wala wasioe kwao, wasiwauzie kitu wala wasinunue kwao, mpaka wamtoe Muhammad auawe. Waraka ule wakautundika ndani ya Al-Kaaba, ili dhuluma yao ipate heshima ya nyumba tukufu.

Watu wa koo mbili zile wakaingia katika bonde la Abu Talib, wakakaa humo kiasi cha miaka 3. Imesimuliwa kwamba walikula majani ya miti, na kwamba vilio vya watoto wenye njaa vilisikika usiku hata nje ya bonde. Na imesimuliwa vilevile kwamba msafara wa wafanyabiashara ulipoingia Makka, na mmoja wa waliofungiwa akatoka kwenda kununua chakula kwa ajili ya wanawe, Abu Lahab alikuwa akiwaambia wafanyabiashara wapandishe bei hata mtu yule asiweze kununua kitu, akarudi kwa watoto mikono mitupu. Lishikeni jambo hilo, ndugu zetu, kwani tutalikuta tena mbele. Chakula kilikuwapo sokoni, na mnunuzi amesimama mbele yake. Bei ndiyo iliyomrudisha.

Tena litazameni neno hili. Katika bonde lile hawakuwamo Waislamu peke yao. Walikuwamo Bani Hashim ambao walikuwa bado katika dini ya wazee wao, waliofungiwa kwa sababu ya ukoo tu. Makureshi walimtaka mtu mmoja. Wakawashindisha njaa vikongwe na watoto wanyonyao. Hawakuwa wamekosea hesabu. Walijua watendalo: walitaka mtoto alie, mama yake asiweze kuvumilia, amgeukie mumewe, na mumewe amgeukie Muhammad. Na hivyo ndivyo vilivyo vikwazo vingi vya uchumi tangu siku ile hadi hizi zetu. Anabanwa asiyekusudiwa, ili naye ambane anayekusudiwa.

Sasa tutoke Makka twende Baghdad.

Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraki yaliivamia Kuwait. Ule ulikuwa ni udhalimu, nasi hatuutafutii udhuru. Siku 4 baadaye, tarehe 6 Agosti, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 661, likakataza nchi zote kununua chochote kutoka Iraki na kuiuzia chochote, ila dawa, na chakula katika hali za dhiki. Majeshi yale yalitolewa Kuwait mwaka 1991. Vikwazo vikabaki. Vilibaki hadi Mei 2003, karibu miaka 13. Mtoto aliyezaliwa mwezi vilipowekwa, alipata kubaleghe navyo bado vipo.

Iraki ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, kwa fedha ya mafuta. Mafuta yasipouzwa, fedha haipo. Na fedha isipokuwapo, ruhusa ya kununua chakula ni ruhusa ya jina tu, kama kumwambia mtu uliyemkata mikono kwamba sahani hii ni yako. Serikali ya huko ilianzisha mgao tangu Septemba 1990: kila nyumba na kadi yake, na kila mwezi unga, mchele, sukari, chai na mafuta ya kupikia kwa kipimo. Mgao ule uliwaokoa watu wengi wasife kwa njaa, na hilo lazima lisemwe. Lakini nyama haikuwamo, wala maziwa, wala matunda. Na kadi ilikuwa mkononi mwa serikali: mwenye kuogopa kupoteza kadi yake ataisemaje serikali hiyo? Vikwazo vilivyokusudiwa kumdhoofisha mtawala vilimkabidhi ufunguo wa ghala ya kila nyumba.

Kisha ikaja habari ya fedha. Kabla ya vikwazo dinari 1 ya Iraki ilikuwa ikipata zaidi ya dola 3 za Marekani kwa bei ya serikali. Mwishoni mwa mwaka 1995 dola 1 ilikuwa ikipata dinari zipatazo 3,000. Ndugu zetu mnaopokea mshahara, fikirini maana yake. Mwalimu hakufukuzwa kazi. Aliendelea kuamka asubuhi, akaendelea kufundisha, akaendelea kupokea mshahara wake, na mshahara wa mwezi mzima ukawa ni dola 2 au 3. Nani aliyemwibia? Hapana mwizi aliyeingia nyumbani kwake. Mlango ulikuwa umefungwa, na fedha ilikuwa sandukuni, na thamani yake ikatoka ikaenda zake.

Basi watu wakaanza kuuza. Iko njia moja mjini Baghdad iitwayo njia ya Al-Mutanabbi, ambako tangu zamani huuzwa vitabu, na soko lake kubwa ni siku ya Ijumaa. Katika miaka ile wasomi, walimu na mahakimu walikuwa wakienda huko na vitabu vyao wenyewe, wakavitandika chini barabarani, wakauza ili wanunue mayai na dawa. Mtu aliyevikusanya kwa miaka 30 aliviuza kwa juma moja. Walipokwisha vitabu wengine wakauza samani, na wengine milango ya ndani ya nyumba. Twaomba msitafakari haraka jambo hili la mlango. Mtu huuza kwanza kile asichokihitaji, kisha kile anachokipenda, na mlango ni kitu cha mwisho kabla ya nyumba yenyewe.

Na maji. Mabomu ya mwaka 1991 yalivunja mitambo ya umeme, na pasipo umeme pampu za maji hazisukumi, wala maji machafu hayasafishwi. Vipuri vya kutengenezea vilihitaji idhini ya kamati ya Baraza la Usalama. Klorini ya kusafishia maji nayo ilitiliwa shaka, kwa kuwa yaweza kufanyiwa silaha. Yaweza, ni kweli. Na pasipo klorini mtoto hunywa maji ya mto yaliyochanganyika na uchafu wa mji, akaharisha, na hospitali haina dawa ya kumtosha. Aliyeandika azimio hakukusudia kumnywesha mtoto uchafu, nasi hatusemi kwamba alikusudia. Bali kila hatua ilikuwa na sababu yake njema katika karatasi, na mwisho wa hatua zote lilikuwapo kaburi dogo.

Makaburi hayo yalikuwa mangapi? Hapa twataka kusimama kidogo. Mwaka 1999 ulitangazwa uchunguzi ulioonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika sehemu kubwa ya Iraki vimezidi maradufu, na hesabu ya laki 5 ikaenea duniani, ikatajwa juu ya mimbari nyingi. Baada ya mwaka 2003 zilifanywa chunguzi nyingine ambazo hazikuliona ongezeko kubwa kama lile, na wataalamu wengi leo wanasema kwamba hesabu ile ilichezewa na serikali ya wakati ule. Basi sisi hatutaitumia. Kumtetea aliyedhulumiwa hakuhalalishi ushahidi wa uongo, na khatibu aliyethibitikiwa na jambo kisha akaendelea kutaja hesabu mbovu kwa kuwa inaliza watu, huyo anauza machozi. Njaa ilikuwapo, maradhi yalikuwapo, na ufukara uliwashusha watu walioishi kwa heshima. Hayo yanatosha kutuliza.

Wala tusimsahau mtawala. Mwaka 1991 Iraki ilipewa nafasi ya kuuza kiasi cha mafuta ili inunue chakula na dawa, ikaikataa. Ilikubali mpango wa namna hiyo mwaka 1996 tu, na chakula cha kwanza kikafika Machi 1997. Miaka ile yote majumba ya kifalme yaliendelea kujengwa, na mwaka 2001 ukafunguliwa mjini Baghdad msikiti mkubwa wa fahari uitwao Ummul Maarik, kwa jina ambalo mtawala yule aliipa vita yake ya 1991. Msikiti, ndugu zetu! Wakati walimu wa mji ule wameuza vitabu vyao. Na mpango wenyewe wa mafuta kwa chakula ulipochunguzwa, taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba zaidi ya makampuni 2,000 ya nchi mbalimbali yalihusika na malipo ya siri kwa serikali ile. Abu Lahab hakufa bila ya warithi. Vikwazo humfanya mwenye mlango wa nyuma awe tajiri, na aghalabu mwenye mlango wa nyuma ni yuleyule aliyekusudiwa kubanwa.

Waliona hayo hata wale waliopewa kazi ya kuyasimamia. Denis Halliday, msimamizi wa misaada ya Umoja wa Mataifa mjini Baghdad, alijiuzulu mwaka 1998 kwa kuvipinga vikwazo vile; na aliyemfuata, Hans von Sponeck, akajiuzulu naye mwaka 2000. Hawa si watu wa dini yetu. Walikuwa na cheo na mshahara mnono, wakaviacha. Na katika bonde la Abu Talib nako walikuwako watu wa namna yao, ambao tutawataja.

Huenda mmoja wetu akasema moyoni: hayo ni ya Wazungu na Waarabu, sisi yametuhusu nini? Laiti ingekuwa hivyo. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya aliitwaa serikali ya Burundi kwa nguvu za jeshi. Nchi ile ilikuwa vitani tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, na damu nyingi ilikwisha mwagika. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, katika nchi yetu hii, wakakubaliana kuifungia Burundi. Hapana Baraza la Usalama lililotulazimisha. Walioshika ufunguo safari hii walikuwa ni majirani, nasi tukiwamo.

Mnaijua ramani. Burundi haina bahari. Mzigo wake mwingi ulikuwa ukishuka Dar es Salaam, ukapanda gari moshi hadi Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Ukiifunga njia ile na njia za majirani wengine, umemshika mtu koo. Kahawa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimwingizia fedha mkulima na serikali, ikakwama. Petroli ikawa ni ya magendo, na bei ya kila kilichobebwa na gari ikapanda pamoja nayo: chumvi, sukari, sabuni. Daftari la mwanafunzi nalo lilikuwa ni bidhaa iliyozuiwa, na mbolea ya mkulima pia; ilipofika Aprili 1997 ndipo wakubwa walipokutana tena Arusha wakaruhusu vyakula, vifaa vya shule, dawa, vifaa vya ujenzi na pembejeo za kilimo. Miezi 8 na zaidi ilikwisha pita. Msimu wa kupanda haungoji mkutano.

Na katika mji ule wa Bujumbura uko mtaa uitwao Buyenzi, ambao watu wake wengi ni Waislamu na lugha yao ni Kiswahili hiki tunachokuhutubieni. Wanaadhini kama tuadhinivyo. Wanaitana ndugu, shangazi, mjomba, na wengi wao wana jamaa Kigoma na Ujiji. Watu wa Buyenzi hawakupindua serikali. Nao walipokwenda dukani wakaikuta bei imepanda, ilikuwa ni bei tuliyoipandisha sisi. Je, katika Ijumaa zile za 1996, 1997 na 1998, tuliwataja katika dua zetu? Wenye umri wetu wanaijua jawabu.

Tuseme haki, wala tusiwe wepesi wa kulaumu. Walioamua vile walitaka amani. Buyoya alirudisha bunge na vyama miezi 2 baada ya mapinduzi, mazungumzo ya Arusha yakaanza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, vikwazo vikaondolewa Januari 1999, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Wapo wasemao kwamba vikwazo ndivyo vilivyowakalisha watu mezani, nasi hatuwezi kuwakadhibisha. Tunalosema ni kwamba ikiwa amani ile ilinunuliwa kwa vikwazo, basi tujue ni nani aliyeilipia. Hakuilipia meja. Wafanyabiashara wa magendo walio karibu na wakubwa walinenepa. Aliilipia mama wa Buyenzi na mkulima wa kahawa wa Ngozi, ambao hawakualikwa mezani.

Twasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

* * *

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake wa mwisho.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mtauliza: je, ni haramu basi kumzuilia dhalimu? La. Kumnyima dhalimu silaha si dhuluma. Kumwachia ndiko dhuluma. Tena tunakumbuka vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, ambavyo nchi yetu iliviunga mkono kwa miaka mingi. Lakini kule waliokuwa wakiumia ndio waliokuwa wakiviomba. Chifu Albert Luthuli aliviomba tangu mwaka 1959, akijua vitawagusa watu wake. Mtu anayechagua kufunga saumu si sawa na mtu uliyemnyang'anya sahani. Swali, basi, ni tunamzuilia nani, na tunamzuilia nini, na je, tumemwuliza.

Na mfano wetu uko kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alikuwapo mtu mkubwa wa Yamama, Thumama bin Uthal, bwana wa Bani Hanifa. Alitekwa, akafungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina siku 3, kisha Mtume akaamrisha afunguliwe bila ya fidia. Akatoka, akaoga, akarudi akasilimu. Alipokwenda Makka kufanya Umra Makureshi walimkejeli. Akaapa kwamba haitawafikia punje ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume atoe idhini. Na Yamama ilikuwa ni ghala ya Makka. Thumama alirudi kwao akaufunga mlango, na Makka ikaonja njaa.

Kumbukeni hao ni nani. Hao ni watu wa waraka ule, waliowalisha Bani Hashim majani ya miti. Miaka haikuwa mingi. Wengi walikuwa hai, na bado walikuwa ni maadui zake. Waliona haya, wakameza haya yao, wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu. Naye alikuwa na kila sababu ya dunia kuwaambia: ngojeni miaka 3, nanyi mjue. Bibi Khadija na Abu Talib, waliokaa naye bondeni, walikufa muda mfupi baada ya kutoka. Hatusemi kwamba njaa ndiyo iliyowaua, lakini mwaka ule wenyewe umeitwa Mwaka wa Huzuni, na moyo wa mwanadamu hausahau. Mtume (S.A.W.) alimwandikia Thumama awaachie Makureshi chakula chao. Hakuweka sharti. Hakungoja wasilimu.

Aliyeijua njaa ya bonde hakukubali kuwa yeye ndiye atakayemlaza na njaa mtoto wa adui yake. Na katika mafunzo yake mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Paka, ndugu zetu. Na katika Suratul Maida tumeamrishwa kwamba chuki yetu juu ya watu isituvute tukaacha uadilifu.

Tuliahidi kuwataja watu wa Makka. Hakim bin Hizam alikamatwa akimpelekea ngano shangazi yake, Bibi Khadija. Hisham bin Amri alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, akamfikisha kwenye mlango wa bonde, akamvua hatamu, akampiga ubavuni aingie mwenyewe. Siku hizo hakuwa amesilimu. Ni Hisham huyo aliyewaendea wenziwe mmoja mmoja, Zuhair, na Mut'im bin Adi, na Abul Bakhtari, na Zam'a, wakawa 5, wakasimama mbele ya Al-Kaaba mchana, wakasema waraka huu lazima uchanwe. Walipouendea wakakuta mchwa wamekwisha ula, halikubaki ila jina la Mwenyezi Mungu.

Sisi hatukai katika baraza za wakubwa. Lakini wako miongoni mwetu wenye maduka karibu na mipaka, na wenye malori, na wenye majahazi. Wazee wanazikumbuka foleni za sabuni na sukari za mwanzo wa miaka ya 1980. Zile hazikutokana na vikwazo, lakini tuliona jinsi mtu mmoja alivyoweza kuficha magunia akingoja jirani yake akate tamaa. Jirani akifungiwa, kazi ya ngamia wa Hisham iko wazi, na kazi ya Abu Lahab nayo iko wazi, na barabara ni ileile moja.

Ewe Mola wetu, uliyewalisha Makureshi na njaa na ukawapa amani na khofu, walishe wote waliofungiwa, walio na dini yetu na wasio nayo. Ewe Mola wetu, watu wa Buyenzi na wa Burundi yote, tuliowafungia mlango na tukawasahau katika dua, wabariki katika riziki zao, na utusamehe sisi kwa ajili yao. Mrudishie mwalimu vitabu vyake. Wape wenye kalamu za kutia saini khofu ya kukutana nawe. Na pale watu wanapokutana kuandika waraka, wasikose kuwapo watu 5. Amin. Simameni kwa Sala.